Asubuhi ya kiangazi Ziwa Naivasha: jinsi ya kuangalia ndege na wadudu

Watu wengi wanaokwenda Naivasha kuangalia ndege hukosea mara mbili: wanachelewa kufika, kisha wanawahi kuondoka. Wanatoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, wanafika ziwani jua limeshapanda, wanapiga picha za mwari na furukombe, na saa nne, ndege wanaponyamaza, wanafunga virago. Kumbe hapo ndipo zamu ya pili inapochanganya. Kereng'ende wameshapata joto, vipepeo wameanza kushuka kwenye maua, na ukitulia utagundua kwamba wengi wa ndege uliowaona alfajiri walikuwa pale kwa ajili ya wadudu hao hao. Mwongozo huu ni wa kuzishika zamu zote mbili kwa asubuhi moja.

Nimechagua Naivasha kwa sababu maji yake hayana chumvi. Majirani zake wengi wa Bonde la Ufa, kama Nakuru, Elmenteita na Bogoria, ni maziwa ya magadi. Huko utaona heroe kwa wingi, lakini mafunjo, samaki wengi na kereng'ende wa kila rangi utawapata Naivasha. Tangu 1995 ziwa hili limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kama wewe uko Kisumu, Mwanza au Arusha, hatua nyingi za hapa zinafaa kwenye ziwa lako pia.

1. Chagua siku

Kwetu mwanzo wa kiangazi ninaoupenda ni Januari, mvua za vuli zikishakatika. Nyasi bado ni mbichi, vidimbwi vya pembeni havijakauka, na anga ya asubuhi ni safi. Zaidi ya hayo, wageni bado wapo. Mbayuwayu na vitwitwi waliokuja kutoka Ulaya na Asia kuanzia Septemba hawaanzi kurudi mpaka Machi na Aprili. Ukienda Juni, masika yakiisha, wadudu utawapata vizuri lakini wageni hao wengi watakuwa makwao, wakilea makinda.

Chagua siku isiyo na upepo. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai, nai'posha, lenye maana ya maji yanayochafuka, na wenyeji waliolitoa walijua wanachosema: asubuhi ziwa hulala kama kioo, mchana upepo ukaamka na mawimbi yakaanza. Saa zako ni kuanzia kupambazuka hadi saa tano hivi. Januari jua huchomoza baada kidogo ya saa kumi na mbili na nusu. Uwe umeshafika saa kumi na mbili kasorobo, maana yake ni kwamba ukitoka mbali, ulale Naivasha mjini au kwenye kambi za barabara ya Moi South Lake.

2. Chagua mahali, na ujue viboko wako wapi

Sehemu kubwa ya ukingo wa ziwa ni mali ya watu, mashamba ya maua na hoteli. Usiruke ua wa mtu. Kuna fuo za umma, kama Karagita na Kamere, ambako wavuvi hutia nanga, na kuna kambi zinazoruhusu mgeni wa mchana kuingia kwa ada. Fuo za wavuvi zina kelele lakini zina ndege wengi, kwa sababu matumbo ya samaki hutupwa pale. Kambi zina utulivu na migunga mikubwa yenye gome la manjano. Mtu anayeanza ningemshauri aende kambini.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndilo jambo linaloweza kukuua. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurudi alfajiri, saa ile ile unayofika wewe. Kiboko aliye majini akikuona hukutazama tu. Kiboko aliye nchi kavu akikukuta umesimama kati yake na maji hatazunguka. Atapita ulipo, na ana mbio kuliko wewe. Kwa hiyo:

- Usitembee ukingoni kabla hujaona vizuri mbele na nyuma. Kukiwa bado na giza, kaa kwenye uwanja wa kambi, mahali ambapo mlinzi amekuonyesha.
- Jifunze kuitambua njia ya kiboko: ni njia iliyolimika, mara nyingi ina mifereji miwili sambamba na kijinyasi katikati, inayoshuka moja kwa moja majini. Usikae juu yake, hata kama ndipo penye mandhari nzuri.
- Muulize mlinzi au mvuvi, "Jana walitokea wapi?" Swali hilo lina thamani kuliko ramani yoyote.

Tangu maji yalipopanda sana mwaka 2020, mtaa wa Kihoto ukafurika, viboko wamezoea kupita mahali ambapo zamani palikuwa uani kwa watu. Kanuni za miaka kumi iliyopita kuhusu wapi ni salama, zisahau. Katika misitu ya kando ya ziwa kuna nyati pia.

3. Vifaa

Darubini ya mkono ndiyo ya lazima, na kama unanunua moja tu, nunua iliyoandikwa 8x42. Namba 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na upana huo ndio unaokusanya mwanga wa alfajiri. Wauzaji watakusukumia 10 au 12 kwa sababu "inavuta zaidi". Inavuta, na kila mtetemo wa mkono wako inauvuta pia. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni umbali wa karibu: jaribu kutazama kiatu chako mwenyewe umesimama. Ukikiona vizuri, darubini hiyo itafaa kwa kereng'ende na vipepeo. Ukiona ukungu, hiyo ni ya ndege tu.

Nikupe siri moja ya bure. Ukiigeuza darubini, ukaweka jicho kwenye lenzi kubwa na kuusogeza upande mdogo karibu kabisa na mdudu, sentimita chache tu, inakuwa kioo cha kukuzia. Mara ya kwanza nilipoiona mishipa ya bawa la kereng'ende namna hiyo nilikaa kimya muda mrefu.

Mengine ni ya kawaida: daftari na penseli (kalamu ya wino hugoma penye umande), suruali ndefu, sweta zito kwa kuwa uko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari na baridi ya alfajiri si ya mchezo, kofia ya baadaye, chupa ya chai. Nguo ziwe za rangi za udongo au majani. Leso ya kukalia usiisahau.

4. Nusu saa ya kwanza: kaa chini na usikilize

Usitembee. Kosa la wanaoanza ni kuwafuata ndege. Chagua mahali penye vitu vitatu kwa pamoja: maji wazi, matete au mafunjo, na mti mkubwa nyuma yako. Kaa, uelekee magharibi ukiweza, ili jua likichomoza liwe mgongoni mwako na limwangazie ndege badala ya kukupofusha. Wanaokaa ukingo wa magharibi wakitazama mashariki huona vivuli vyeusi tu mpaka saa tatu.

Kukiwa bado kijivu, sauti zitakuja kabla ya maumbo. Kwarara wa kijani-kahawia huamka na kelele kali ya kukwaruza, wakiruka wawili wawili kutoka mitini. Furukombe, tai yule mwenye kichwa na kifua cheupe, hutupa kichwa nyuma na kulia. Mara nyingi mwenzi wake hujibu, na ukisikiliza siku kadhaa utatofautisha, sauti ya dume ni nyembamba kuliko ya jike. Andika saa na kila sauti hata kama hujui ni ya nani. "Mlio kama mlango mkavu, kwenye mafunjo, 12:20" ni rekodi nzuri. Siku utakapomwona mwenyewe akilia utarudi kwenye ukurasa huo ukaandika jina.

5. Zamu ya ndege: tazama kwa tabaka

Mwanga ukitosha, usiitupe darubini huku na huko. Anza juu, shuka.

*Vileleni.* Maji yalipopanda, migunga mingi ilizama mashina na kufa imesimama. Ni huzuni kuitazama, lakini kwa ndege imekuwa kama maghorofa: mnandi hulala na kutaga humo. Mnandi mkubwa ana kifua cheupe. Mdogo ana mkia mrefu na macho mekundu. Wote wawili utawaona wamefungua mabawa kama nguo kwenye kamba. Manyoya yao hulowa maji, jambo linalowasaidia kuzama, kisha inabidi wayakaushe.

*Matawi ya chini na vijiti vilivyochomoza majini.* Hapa wanakaa mdiria. Yule mweusi na mweupe ndiye mwalimu bora wa anayeanza, kwa sababu haogopi na ana alama wazi: dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja, mara nyingi umekatika katikati. Mwangalie akisimama hewani palepale, kichwa hakitikisiki ingawa mabawa yanapiga kwa kasi, kisha anadondoka majini. Mdiria mdogo wa buluu mwenye mdomo mwekundu ni mgumu zaidi. Hukaa chini kwenye matete, karibu kugusa maji. Tafuta cheche ya buluu inayopita chini chini, ufuatilie inapotua.

*Ukingo na majani yanayoelea.* Gugu maji limekuwepo ziwani tangu miaka ya mwisho ya 1980 na ni balaa kwa wavuvi. Hata hivyo, juu yake wanatembea ndege wengi: kukuziwa, korongo wadogo wanaovizia wadudu, na yule ndege wa rangi ya kahawia mwenye kibandiko cha buluu kwenye paji na vidole virefu ajabu vinavyomwezesha kukanyaga jani bila kuzama. Zamani alikuwa na mayungiyungi ya kutembelea. Mwaka 1970 waliletwa kamba wa maji baridi wenye asili ya Amerika, wakazaliana na kuyala, na mayungiyungi yakatoweka. Ukijua hilo, ukimwona amesimama juu ya gugu maji utaelewa kwa nini yuko pale.

Kwenye tope, tafuta kindege wa kijivu-kahawia anayetikisa mkia bila kupumzika. Huyo ni kitwitwi, mmoja wa wageni wa Januari.

*Maji wazi.* Mwari huvua kwa kundi, wakitumbukiza midomo kwa pamoja kama waliopewa amri. Kibisi ni yule mdogo wa mviringo anayezama ukimtazama tu na kuibuka mbali na ulipomtegemea.

*Nyasi za nyuma.* Usisahau kugeuka. Korongo taji, ndege wa nembo ya Uganda, hula kwenye majani mafupi ya mashamba. Tangu 2012 yumo kwenye kundi la walio hatarini kutoweka duniani, hivyo kila unayemwona mhesabu na umwandike.

Kuhesabu kundi kubwa kuna namna yake. Hesabu kumi wa kwanza mmoja mmoja, uone kumi wanachukua nafasi gani kwenye darubini, kisha pima kundi lote kwa kipimo hicho. Kundi likizidi mia kadhaa, pima kwa mia.

Na jambo moja naliomba: usicheze sauti za ndege kwenye simu ili kuwavuta. Ndege mwenye himaya yake akisikia sauti ya mgeni huacha kula na kuacha kiota aje kupigana na kitu kisichokuwepo. Kaa zaidi, watakuja wenyewe.

6. Zamu ya wadudu

Zamu hii kwa kweli huanza gizani, ila wachache huiona. Mdudu hana joto lake mwenyewe. Alfajiri yenye umande hawezi kuruka. Kwa hiyo mara tu jua linapochomoza, na mahali pakiwa salama, nenda polepole kwenye matete ya ukingo wa kambi ukayatazame mashina, kuanzia kiganja kimoja juu ya maji hadi kimo cha kiuno. Utamkuta kereng'ende amening'inia, mwili wote umejaa matone ya umande, hata machoni. Kwa dakika kama ishirini unaweza kumtazama kwa karibu ambako saa nne hutamkaribia kamwe. Tazama tu, usimguse wala usilivute tete.

Kwenye mashina hayo hayo tafuta ganda kavu la kahawia, lenye miguu na mpasuko mgongoni. Kereng'ende huishi utoto wake majini, wiki kadhaa au miezi, akiwinda viluwiluwi na wadudu wadogo. Akikomaa hupanda shina, mara nyingi usiku au alfajiri, ngozi ikapasuka mgongoni, akajichomoa. Ukibahatika utamkuta katikati ya kazi: amepauka, mabawa yamekunjamana na kung'aa kama plastiki mpya. Akiguswa wakati huo bawa huharibika na hataruka maisha yake yote. Wengi wetu utotoni tuliwafunga kereng'ende uzi. Watoto ukienda nao, waonyeshe ganda, waache walichukue hilo nyumbani. Halimdhuru mtu.

Jua likishika, kuanzia saa tatu hivi, wanaanza kutetemesha mabawa ili misuli ipate moto, kisha wanaruka. Sasa watenganishe katika makundi mawili. Wale wakubwa hukaa wamefungua mabawa pande zote na macho yao makubwa yanakaribiana au kugusana. Wale wembamba kama sindano kwa kawaida hufunga mabawa mgongoni na macho yako mbalimbali kama ya papa nyundo. Kisha angalia:

- Mwekundu mtupu, kichwa hadi mkia, kwenye kijiti palepale kila akirudi: dume la *Crocothemis erythraea*.
- Mwekundu unaoelekea zambarau, kama divai iliyomwagika: *Trithemis annulata*.
- Mkubwa wa kijani na buluu, hatui, anapiga doria juu ya maji kama askari: *Anax imperator*.
- Sindano nyeusi yenye taa ya buluu karibu na ncha ya mkia: *Ischnura senegalensis*.

Wa tano nampa nafasi yake. Ni wa rangi ya dhahabu iliyofifia, mabawa mapana, anaelea hewani kwa makundi juu ya nyasi na hatui kirahisi: *Pantala flavescens*. Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldives, alitoa hoja kwamba mamilioni yao huvuka Bahari ya Hindi kutoka India kupitia Maldives hadi Afrika Mashariki, wakibebwa na upepo wa kaskazini-mashariki. Ni ule ule wanaouita kaskazi mabaharia wa mwambao, uliozileta jahazi Mombasa na Zanzibar kwa karne nyingi. Sijui kama yule ninayemwona mimi Naivasha ni mhamiaji au ni mzaliwa wa kidimbwi cha jirani. Namtazama kwa heshima ya msafiri hata hivyo.

Vipepeo huchelewa zaidi. Mtafute *Danaus chrysippus*, wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe. Huruka polepole bila hofu, kwa sababu kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mchungu na sumu hiyo hubaki mwilini. Ndege aliyewahi kumuonja humwacha.

Hapo ndipo zamu mbili zinapokutana. Kaa karibu na kingo za udongo zenye matundu umtazame keremkerem. Anakamata nyuki hewani, anarudi tawini, anampiga na kumsugua kwenye tawi mpaka mwiba utoke, ndipo anammeza. Mbayuwayu wanaopita chini chini juu ya maji wanakusanya vijidudu vinavyotoka ziwani. Mnana anayejenga kwenye mafunjo mwenyewe hula mbegu, lakini kinda lake hulilisha wadudu. Andika "anakula nini" mbele ya kila jina. Safu hiyo moja kwenye daftari itakufundisha ziwa haraka kuliko orodha ya majina peke yake.

7. Ukipanda boti

Si lazima. Ukipanda, panda mapema ili urudi kabla ya upepo, vaa jaketi la kujiokolea hata kama nahodha hajavaa lake, na mwambie tangu mwanzo kwamba huna haraka na asiwakaribie viboko.

Manahodha wengi watakupa mchezo wa furukombe: wanapiga mluzi na kutupa samaki aliyetiwa kipande cha funjo ndani ili aelee, tai anashuka, wewe unapiga picha. Mimi naukataa. Tai anameza na kile kilichomo, na anajifunza kusubiri boti. Mwambie nahodha kwa adabu, "Kaka, asante, tutamsubiri avue mwenyewe," na bakshishi ile ile umpe. Huenda ukasubiri saa nzima.

8. Andika, kisha rudi

Kabla ya kuondoka, ukiwa bado umekaa, maliza ukurasa: tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, idadi. Picha ya simu unaweza kuipiga kwa kuegemeza kamera kwenye kioo cha darubini. Haitakuwa nzuri lakini inatosha kwa utambuzi. Kwa ndege, programu ya Merlin inasaidia kubahatisha jina na eBird inapokea orodha yako. Kwa wadudu tumia iNaturalist, ambako watu wengine watakusahihisha. Jina la kwanza linalotolewa na programu lichukue kama pendekezo.

Kama unataka macho ya kukufundisha ana kwa ana, Nature Kenya, chama kilichoanza 1909, kina matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa Nairobi. Fleur Ng'weno aliyaanzisha 1971. Kila Januari pia kuna sensa ya ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, na wanaojitolea huhitajika. Anayeweza kuhesabu kwa makumi ana kazi pale.

Kisha rudi baada ya wiki mbili, mahali pale pale, kisiki kile kile. Maji yatakuwa yameshuka kiganja, tope litakuwa pana, na vitwitwi wataongezeka. Tazama kama maganda ya kereng'ende kwenye matete yamezidi, na kama yule mdiria mwenye mkanda mmoja bado anakalia kijiti chake.